Kuvimba na Kunenepa

Jioni mama anamimina maharagwe makavu katika chungu, anayatia maji, anayaacha mpaka asubuhi. Kulipokucha, maharagwe yamejaa chungu. Hakuna mtu aliyeongeza hata punje moja. Ni yale yale ya jana, ila yamekunywa maji, ngozi zao zimenyooka, na kila moja limekuwa kubwa. Maharagwe yamevimba.

Mlango wa mbao nao huvimba. Lubumbashi, mvua zinapokolea mwezi wa Novemba, mlango uliofungika vizuri wakati wa kiangazi hukwama katika mwimo wake, na mtoto huusukuma kwa bega. Mbao zimekunywa unyevu. Lakini unga wa mkate hauvimbi. Unga wa mkate huumuka, kwa sababu kinachoukuza ni hewa iliyomo ndani yake. Mto nao hauvimbi, mto hufurika.

Basi neno kuvimba lina maana hii: kitu kuwa kikubwa kuliko kawaida yake, kwa sababu kitu kingine, mara nyingi maji, kimeingia ndani yake. Maana hiyo yafaa kushikwa vizuri, kwani katika mwili wa mtu mambo huenda karibu vile vile.

Nyuki akimuuma mtoto kwenye shavu, shavu huvimba. Jino likioza, ufizi huvimba. Mchezaji wa mpira akiteguka kifundo cha mguu, kifundo huvimba mpaka kiatu hakiingii tena. Mahali palipoumia huita msaada, na damu huja kwa wingi. Mishipa midogo ya damu hulegea, na maji ya damu huvuja na kuingia katika nyama iliyo karibu. Ndiyo maana mahali hapo huwa pakubwa, pa moto, tena panauma. Mrumi mmoja aliyeitwa Celsus, aliyeishi katika karne ya kwanza, aliandika dalili nne za jambo hilo: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Waganga wa leo bado wanazifundisha dalili hizo nne, ingawa katika ngozi nyeusi wekundu ni vigumu kuuona, na mkono unaogusa joto husaidia kuliko jicho.

Nyoka naye huvimbisha. Katika nchi ya Katanga yuko kifutu, nyoka mnene, mvivu, anayelala njiani kama kipande cha mti. Akikanyagwa hujituna kwanza na kutoa sauti ya pumzi, kisha huuma, na mguu ulioumwa huvimba upesi sana. Mtu aliyeumwa asifungwe kamba, wala asichanjwe kwa wembe. Avuliwe viatu na bangili mapema, kabla uvimbe haujavibana, atulizwe, apelekwe hospitali. Watu wa zamani waliyajua mambo haya ya sumu na uvimbe. Katika Matendo ya Mitume inasimuliwa kwamba Mtume Paulo aliumwa na nyoka katika kisiwa cha Malta, na wenyeji wakakaa wakimtazama, wakingoja avimbe au aanguke afe. Walingoja sana. Hakuvimba.

Sasa jina. Kitendo ni kuvimba, na jina lake ni uvimbe. Husemwa uvimbe huu, uvimbe wangu, uvimbe umepungua au umenywea. Nyuki amemvimbisha mtoto uso. Mtu aliyekula kupita kiasi, tumbo likamjaa na kumsumbua, huyo amevimbiwa. Kuvimba na kuvimbiwa si kitu kimoja, na mtoto anayemwambia mganga kwamba amevimba tumbo, kumbe amevimbiwa na karanga mbichi, atamtia mganga katika kazi ya bure.

Tena uvimbe wa namna nyingi una majina yake yenyewe. Ule unaotoka kichwani mtu akijigonga ni nundu. Ule wenye usaha, unaoiva na kutumbuka, ni jipu. Ule mdogo wenye maji juu ya ngozi iliyoungua ni lengelenge. Watoto wakivimba mashavu yote mawili chini ya masikio na kushindwa kutafuna, hayo ni matubwitubwi. Mguu uliovimba kwa miaka na miaka mpaka ngozi ikawa ngumu kama ya tembo una matende. Mtoto mwenye kidonda mguuni akiona kitu kigumu kama yai la njiwa kwenye kinena, asishangae kwamba ugonjwa umehama: huo ni mtoki. Kwenye kinena, kwapani na shingoni ziko tezi, nazo ni kama askari wa zamu. Kidonda kikiingiza uchafu, tezi iliyo karibu huvimba kwa sababu ya vita. Kinachotakiwa kuoshwa na kutibiwa ni kidonda, wala si mtoki.

Rovu ni neno la kukumbuka zaidi. Ni uvimbe wa tezi ya shingoni, mbele, chini ya koo. Hauna joto wala maumivu, huja polepole, na kwa hiyo watu wa mahali penye marovu mengi huzoea, wakadhani ndivyo shingo za watu zilivyo. Sababu yake kubwa ni kukosa iodini, kitu kidogo sana kinachopatikana kwa wingi katika vitu vya bahari. Kongo ya mashariki iko mbali na bahari. Katika miaka ya 1960 waganga kutoka Brussels walipima watu wa Idjwi, kisiwa kikubwa katika Ziwa Kivu. Waliona ajabu moja: watu wa kisiwa kizima walikosa iodini, lakini marovu yalikuwa mengi upande wa kaskazini kuliko upande wa kusini-magharibi. Walipochunguza vyakula waliona kwamba muhogo ulikuwa na sehemu yake. Muhogo mchungu una sumu, na sumu hiyo ikibaki katika chakula huizuia tezi kupata ile iodini kidogo iliyopo. Kwa hiyo mama anayeloweka muhogo siku kadhaa na kuukausha vizuri juani hafanyi kazi hiyo kwa desturi tu. Na chumvi yenye iodini inayouzwa sokoni imetiwa dawa hiyo kwa sababu ya shingo za watu, na zaidi kwa sababu ya akili za watoto walio tumboni mwa mama zao.

Kuna uvimbe usioonekana. Mtu aliyeshikwa na malaria mara nyingi, bandama yake huvimba ndani ya tumbo, upande wa kushoto, chini ya mbavu. Zamani waganga walipotaka kujua kama kijiji kina malaria nyingi, waliwapanga watoto wa shule mstari, wakawapapasa matumbo mmoja mmoja, wakahesabu bandama zilizovimba.

Katika Injili ya Mtakatifu Luka yuko mtu mwenye safura, aliyeponywa siku ya sabato mbele ya Mafarisayo. Wainjili wengine hawamtaji. Luka peke yake ndiye aliyemwandika, na Luka alikuwa mganga. Hapo safura ni ugonjwa wa mwili kujaa maji na kuvimba. Siku hizi Waswahili huita safura hasa ule ugonjwa wa minyoo wadogo wanaoingia kwa nyayo za mtu asiyevaa viatu, wakakaa tumboni na kunyonya damu, mpaka mtu anakuwa mweupe machoni, anachoka, na uso na miguu vinamvimba.

Sasa yafaa kutazama wakati wa kitendo, maana hapa wanafunzi wengi wa Lubumbashi huteleza. Nyumbani na sokoni husemwa mguu inavimba kwa mambo yote, ya jana, ya leo na ya kila siku. Wasemaji huelewana kwa kuwa wanautazama mguu wenyewe. Lakini mtu anayeandika barua, au anayepeleka habari za mgonjwa aliyebaki nyumbani, hana mguu wa kuonyesha. Ana maneno tu. Mguu unavimba: sasa hivi uvimbe unaongezeka. Mguu umevimba: uvimbe umekwisha kuja, na bado uko. Mguu ulivimba: ni habari ya siku zilizopita, labda umekwisha kupona. Mguu huvimba: uvimbe huja na kurudi, kwa mfano kila jioni baada ya kazi. Herufi mbili tatu zimebadilika, na mganga anafikiri ugonjwa mwingine kabisa.

Tena mganga atauliza: mguu mmoja au yote miwili? Mmoja huonyesha kwamba kitu kimetokea mahali pale, kama mwiba, nyoka au kuteguka. Miguu yote miwili ikivimba pamoja, bila kidonda, mara nyingi sababu haiko miguuni. Iko ndani: katika moyo, katika figo, katika ini, au katika chakula.

Msichana mmoja wa Katuba, wa mwaka wa nne, alikuwa na mdogo wake wa miaka miwili. Mama yao alikuwa amejifungua mtoto mwingine, na yule wa pili aliachishwa ziwa siku ile ile mimba ilipojulikana. Alilala na nkambo wake, mama wa baba yake. Alikula bukari asubuhi iliyobaki ya jana, na bukari jioni na mchuzi wa sombe. Samaki, wakipatikana, walikuwa wa baba. Kisha surua ikapita mtaani, naye akaugua. Alipopona surua mashavu yake yakaanza kujaa. Miguu ikawa minene, mikono ikawa mizuri kama ya mtoto wa tajiri. Nkambo akafurahi. Jirani akipita alimwita: “Njoo, mama, umwone mume wangu alivyonenepa!”

Msichana alimtazama mdogo wake kwa namna nyingine, kwa kuwa yeye ndiye aliyembeba mgongoni. Aliona kwamba amekuwa mzito lakini hachezi. Ukimweka chini anakaa pale pale ulipomweka. Nywele zake zilikuwa zimepoteza weusi, zimekuwa nyekundu nyekundu, na zilitoka ukizivuta kidogo. Ngozi ya mapaja ilibanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Tena alikataa chakula, jambo ambalo mtoto anayenenepa halifanyi.

Alimpeleka dispensari pamoja na nkambo. Mwuguzi aliuliza: “Mtoto ana nini?”

Nkambo alijibu: “Baba, hana ugonjwa. Surua imekwisha, naye amenenepa. Ni huyu msichana tu anayenisumbua.”

“Na wewe, mwanangu, unasemaje?”

Msichana aliinamisha kichwa kwa heshima ya nkambo wake, kisha akasema: “Mganga, hakunenepa. Amevimba. Miguu yote miwili. Ilianza wiki iliyopita, na sasa uso nao unavimba.”

Mwuguzi hakusema neno. Aliweka vidole gumba vyake viwili juu ya miguu ya mtoto, akabonyeza, akahesabu pole pole mpaka tatu, akaondoa. Katika kila mguu kilibaki kishimo, kama alama ya kidole katika bukari iliyopoa. Akamwambia nkambo abonyeze mguu wake mwenyewe. Hakikubaki kishimo. Nkambo alitazama miguu ya mtoto, akatazama wake, akanyamaza.

Mtu mnene ana nyama na mafuta. Ukibonyeza, nyama hurudi mahali pake. Mtoto huyu alikuwa amejaa maji, kama maharagwe ya chunguni. Chini ya maji hayo mwili wake ulikuwa umekonda sana, lakini uvimbe uliufunika, watu wasione. Ndiyo hatari ya ugonjwa huu. Mtoto aliyekonda huhurumiwa na kila mtu anayepita, huyu husifiwa.

Ugonjwa wenyewe una majina mengi. Katika Kivu huitwa bwaki, na huko Bukavu kilianzishwa chama kilichojiita Comité Anti-Bwaki, yaani kamati ya kupigana na bwaki. Tanzania wanasema unyafuzi. Waganga wa dunia nzima wanasema kwashiorkor, na neno hilo si la Ulaya. Ni la Waga, watu wa upande wa Accra katika nchi ya Ghana. Mganga mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyezaliwa Jamaika, alifanya kazi huko wakati Ghana ilipoitwa bado Gold Coast. Mwaka 1933 aliandika habari za watoto hawa waliovimba, na mwaka 1935 aliupa ugonjwa jina ambalo akina mama wa Kiga walikuwa wakilitumia: ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake kwa kuzaliwa mdogo wake. Akina mama walikuwa wamekwisha kuona kiini cha jambo. Mtoto hukosa maziwa ya mama, na badala yake hupata chakula cha kujaza tumbo tu. Kisha surua au kuhara huja na kumaliza nguvu iliyobaki.

Kongo imeuona ugonjwa huu kwa wingi wakati wa vita. Mwaka 1960 na 1961, katika Kasai ya Kusini, Waluba wengi waliokimbia nyumba zao walikusanyika pande za Bakwanga, mji ambao sasa unaitwa Mbuji-Mayi. Mashamba yalikuwa hayajalimwa. Watoto wengi walivimba na kufa kabla chakula cha msaada hakijafika.

Mtoto wa Katuba alipelekwa hospitali siku ile ile. Huko hawakumpa sahani kubwa ya chakula, na nkambo alinung'unika sana kwa jambo hilo. Lakini mwili uliodhoofika hivyo hauwezi kubeba chakula kingi ghafula. Moyo waweza kushindwa. Alipewa maziwa maalumu, kidogo kidogo, mchana na usiku, pamoja na dawa.

Baada ya siku chache kilitokea kitu kilichomtisha nkambo kuliko uvimbe wenyewe. Mtoto alikonda. Mashavu yaliingia ndani, mbavu zikaonekana, miguu ikawa kama vijiti, na mizani ilionyesha kwamba uzito umeshuka. “Nimewaletea mtoto mnene,” alisema, “ninyi mmenipa mifupa!” Wako wazazi ambao siku hiyo humchukua mtoto na kutoroka naye hospitali. Kumbe hiyo ndiyo siku njema. Maji yanatoka. Mwuguzi alimwonyesha nkambo jambo moja tu: mtoto alikuwa ameshika kijiko kwa mkono wake mwenyewe, na alikuwa anamkasirikia dada yake kwa kuwa alitaka kukichukua. Mtoto mwenye bwaki hana nguvu ya kukasirika.

Uvimbe ulipokwisha kunywea alianza kupata uji mzito wa karanga ulio katika pakiti. Chakula hicho kina karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, na dawa za kuujenga mwili. Mwaka 1996 mganga Mfaransa André Briend alikitengeneza pamoja na mwenzake Michel Lescanne, na sifa yake kubwa ni kwamba hakihitaji maji wala moto, basi mtoto aweza kurudi nyumbani na kuendelea kukila huko. Hapo ndipo uzito wake ulianza kupanda tena, na sasa ulikuwa uzito wa nyama. Ikawa haki kusema: ananenepa.

Katika vituo vya afya hutumiwa pia utepe wa kupimia mkono wa mtoto mwenye miezi 6 mpaka miaka 5. Ukionyesha chini ya milimita 115, ni rangi nyekundu, na mtoto yuko hatarini. Lakini utepe haujui tofauti ya maji na nyama. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili hupelekwa kutibiwa hata kama mkono wake unaonyesha rangi ya kijani.

Imebaki maana moja ya kuvimba, isiyo ya mwili. Mtu aliyekasirika akanyamaza, midomo mbele, husemwa kwamba amevimba, au amefura kwa hasira. Mtu aliyesifiwa kidogo akawadharau wenzake amevimba kichwa. Hao hawabonyezwi kwa kidole gumba.

MAZOEZI. Weka neno linalofaa, kuvimba, kuumuka, kufurika, kunenepa au kuvimbiwa: Mto Kafubu … kwa mvua. Ng'ombe … wakati wa majani mabichi. Ufizi wangu … tangu jana. Mkate haukuwekwa chachu, kwa hiyo … Alikula sahani tatu za wali sikukuu, akalala … Eleza tofauti ya jipu, nundu na mtoki. Kwa nini msichana alisema “amevimba” kwa miguu, lakini “unavimba” kwa uso? Nkambo yuko kijijini, ameumwa na kitu mguuni, nawe huwezi kumpeleka mgonjwa mbele ya mganga. Mwandikie mganga barua ya mistari mitano: ni mguu mmoja au yote miwili, ulianza lini, unaongezeka au unapungua, una joto, na ukibonyezwa kunabaki kishimo au hakibaki.